Kabla hujatangaza, mwangalie kwapa

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya makosa. Ndege wa pwani wanashuka kutoka kaskazini, wanajaa hori ya Mida na mlango wa mto Sabaki, pwani ya Kenya, na ndani ya kundi mtu anamwona mmoja mwenye madoa ya manjano mgongoni. Papo hapo picha inarushwa: kitwitwi wa dhahabu wa Asia, Pluvialis fulva! Huyo huzaliana Siberia na magharibi mwa Alaska, na wengi huenda Asia ya kusini, Australia na visiwa vya Pasifiki. Kwetu hufika wachache tu. Mara nyingi aliye pichani ni kinda wa kitwitwi wa kijivu, Pluvialis squatarola, ambaye naye huvaa umanjano mpaka manyoya yachakae.

Rangi ya mgongo iache. Subiri ainue mbawa. Wa kijivu ana baka jeusi kwapani, kama masizi kwenye shuka, na weupe juu ya mkia. Wa dhahabu kwapa lake ni kijivu kilichofifia, na mgongo hauna weupe hadi mkiani. Kwapa likiwa jeupe, huyo ni wa dhahabu wa Ulaya, Pluvialis apricaria.

Kazi ngumu ni kumtenga wa dhahabu wa Asia na wa dhahabu wa Marekani, Pluvialis dominica, kwani kwapa zao zinafanana. Akitua, hesabu ncha za manyoya marefu ya bawa zinazochomoza nje ya yale yanayoyafunika. Wa Asia huonyesha 2 au 3, wa Marekani 4 au 5, na bawa lake hupita mkia waziwazi. Hapa wengi huteleza: ndege akiwa anabadili manyoya, yale ya kufunika yakidondoka, ncha huonekana nyingi kuliko zilivyo. Kagua bawa la kulia na la kushoto. Yakitofautiana, hesabu hiyo haifai.

Nenda zikiwa zimebaki saa mbili maji yajae, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ili maji yakuletee ndege. Jua liwe mgongoni kwako. Kagua pia majani mafupi nyuma ya ufuo: wa dhahabu hupenda pakavu kuliko mwenzake. Ukiona kundi zima limeinua vichwa na kuacha kula, umesogea mno, rudi nyuma. Wale wamesafiri maelfu ya kilomita na wanahitaji kupumzika. Usiwarushe kwa ajili ya picha ya kwapa. Wakikaa muda, mmoja atajinyoosha bawa.

Andika daftarini kabla ya kufungua kitabu: tarehe, saa, hali ya maji, umbali kwa mita, ndege gani alisimama kando yake wa kulinganisha ukubwa, na mlio. Wa kijivu hulia kwa silabi tatu za huzuni, wa dhahabu mbili, mkazo ukiwa kwenye ya pili. Picha ya awali usiikate wala kuing'arisha. Kamati ya ndege adimu ikiiomba, wapelekee hiyo hiyo, hata kama ina ukungu.