Mabadiliko yalianza nilipoacha kuisikiliza kwaya

Kila aliyenishauri kabla sijapanda roshani ya chapeli ya chuo alirudia neno lilelile: "Wewe sikiliza kwaya tu, uifuate." Wote waliosema hivyo walikuwa waimbaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukalia benchi la kinanda cha mabomba, na ushauri wao ulinipa aibu ya muhula mzima.

Sikatai, kiburi nilikwenda nacho mwenyewe. Tangu utotoni nilipiga kinanda cha umeme, kile cha kubeba kwapani, na watu wakanisifu. Mpigaji wa chapeli alipohitimu na mwalimu wa kwaya akaanza kuuliza nani atashika nafasi yake, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Nikakuta safu mbili za vitufe, stopu za kuvuta, vishikio vya kuchagua safu ya mabomba itakayolia, zimejaa pande zote mbili, na chini pedali 30, vitufe vya kupigwa kwa miguu, ambazo nilizipuuza siku hiyohiyo.

Stopu nazipitia haraka. Yenye namba 8 inalia pale nota ilipoandikwa, 4 inalia oktavi moja juu, yaani nota ya jina lilelile inayofuata kwa juu, 16 oktavi moja chini. Namba ni urefu wa bomba refu kuliko yote katika safu, kwa futi. Vuta 8 na 4 za sauti laini, utasindikiza kwaya bila kumuudhi mtu. Zile kali subiri kusanyiko zima lisimame.

Sasa ibada yangu ya kwanza. Kinanda kiko juu nyuma, kwaya iko chini mbele, katikati kuna kama mita 20. Wimbo una beti tano, na mimi nasikiliza kwaya kama nilivyoelekezwa. Ubeti wa kwanza tulikwenda kama wanafunzi wanaowahi kipindi. Wa pili kama watu waliotoka kula. Wa tatu tulikuwa tumebeba jeneza. Kufika wa tano, besi wanavuta pumzi katikati ya neno, soprano wamebaki watatu, na mzee mmoja benchi la mbele ameamua kukaa chini.

Mwalimu aliniita baadaye. "Mwanangu, unatuvuta nyuma."

"Mwalimu, mimi nawafuata nyinyi."

"Na sisi tunakufuata wewe."

Tukatazamana. Aliyetuokoa alikuwa kijana wa sauti ya tenori aliyesoma fizikia. Alitukumbusha kwamba sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Nikipiga nota, inawafikia baada ya sehemu sita za mia za sekunde. Wakiimba pamoja nayo, sauti yao inanirudia baada ya sita nyingine. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, hiyo ni moja ya tano ya pigo zima. Nikiwangoja, nimechelewa, nao wakiningoja mimi, kila mstari unalala zaidi.

Dawa nilinunua kwa fundi: kioo cha pikipiki, kilichotumika, kwa fedha kidogo ambayo sikumbuki hata ilikuwa ngapi. Nikakifunga kwa waya pembeni ya ubao wa nota hadi nikauona mkono wa mwalimu. Mkono unafika kwa kasi ya mwanga, hauchelewi. Ila masikio yalikuwa yamekwishazoea ubaya, kila mara yalinirudisha nyuma, kwa hiyo mazoezi mawili nilikwenda na pamba masikioni. Nilipiga kama kiziwi, macho kwenye kioo. Nilikuwa na hakika nawakimbia vibaya mno. Nilipotoa pamba mwalimu alikuwa anacheka peke yake: tumefika mwisho pamoja.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: kinanda hiki hakijui kama umegandamiza kwa nguvu. Gusa au piga ngumi, sauti ni ileile, na haifi mpaka uinue kidole. Sasa utasisitizaje pigo? Kwa kimya. Katisha nota iliyotangulia mapema kidogo tu, na inayofuata itasikika kana kwamba umeipiga kwa nguvu. Mwisho wa mstari inua mikono yote, kusanyiko litavuta pumzi lenyewe. Mimi nilikuwa naunganisha kila kitu kwa gundi, halafu nalaumu watu kwamba hawajui kuingia.

Miguu ilinitesa zaidi. Guu langu la kulia lilizoea pedali ile ya kurefusha sauti kwenye kinanda cha umeme. Siku moja, wakati wa sala ya kimya, likaitafuta lenyewe. Sikuwa nimerudisha stopu ya futi 16. Chapeli nzima ilinguruma, na kiongozi wa ibada akasema "Amina" kabla ya wakati.

Viatu vya soli nene viache nyumbani. Nilianza na soksi, kisha nikapata vyembamba vya soli ya ngozi vyenye kisigino, vilivyomeza hela ya vitabu vyangu. Na usifanye mazoezi ya miguu peke yake: weka miguu na mkono wa kushoto, basi. Mkono huo ndio mwizi, unapenda kuiba sauti ya besi. Bach, mtunzi Mjerumani, kwenye jalada la Orgelbüchlein, kitabu chake cha vipande vya kinanda hiki, aliandika kwamba ni kwa ajili ya mpigaji anayeanza, azoee pedali. Anayeanza! Alipanga vipande 164 akaandika chini ya 50, nami namshukuru kwa kuchoka, maana kimoja tu kilinila wiki tatu.

Siku za joto kuna mtego pia. Sauti ya mabomba mengi inapanda kidogo hewa ikipata moto, ya kwaya ikiimba bila kinanda inashuka. Ukiingia ubeti wa mwisho, mnakutana kama majirani waliogombana. Nilifanya hivyo mara moja. Tangu hapo wakianza bila mimi, wanamaliza bila mimi.

Nilipohitimu nilimwachia mrithi wangu kila kitu, pamoja na kioo. Nimesikia amekifungua. Anasema yeye anasikiliza kwaya.