Nimerudi Arua, vijana wanakunywa asubuhi

Watu wangu, nimerudi nyumbani Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kutoka Oman. Lami nimeiona, magorofa nimeyaona, mji umepewa hadhi ya jiji, siti, tangu 2020, hayo tutaongea siku nyingine. Kilichonikata maini ni pombe.

Na msinianzie kwamba Uarabuni kumenibadilisha. Wengi wetu hapa ada ya shule ilitoka kwenye kwete, pombe ya kienyeji aliyopika mama. Mnakumbuka mahindi na kimea, siku zile za kungoja ichachuke, wazee wanakuja jioni wametoka shamba, kibuyu kinazunguka, na kwete ilikuwa nzito, mtu anashiba kabla hajalewa. Akizidisha wazee wenyewe wanamwambia nenda ukalale.

Sasa saa mbili asubuhi nimefika steji ya boda, mtoto wa baba mdogo, nilimwacha anavaa kaptula ya shule, mikono inamtetemeka hata ufunguo haumwingii kwenye pikipiki. Akatoa kachupa ka plastiki kwenye koti, akapiga mafunda mawili, tetemeko likaisha, akaniambia panda kaka nikupeleke. Nimekwenda kwa miguu nalia. Na mtu akifika hapo usimfungie chumbani eti aache leo leo, anaweza kushikwa na degedege na kufa, huyo ni wa hospitali.

Mtaniuliza si vile vipakiti vya pombe vya kavera, yaani plastiki, vilipigwa marufuku 2019? Ndiyo, pombe kali ya chini ya mililita 200 hairuhusiwi. Basi wanachanga watatu wanne wananunua chupa moja, na kwa sababu ni ya wote kila mmoja anaharakisha asipunjwe, wanalewa haraka kuliko zamani!

Halafu wanakunywa kitu gani? Agosti 2022 hapahapa Arua na wilaya jirani ya Madi-Okollo pombe kali ya gin yenye methanoli, alkoholi ya sumu, iliua watu zaidi ya kumi, na Kabale, kusini-magharibi mwa nchi, 2010 walizika makumi kwa methanoli hiyohiyo. Methanoli huwezi kuijua kwa ulimi, mwili unaigeuza asidi inayoharibu mshipa wa jicho, mtu anaamka haoni, wengine hawaamki kabisa. Miaka yote hiyo imepita na bado watu wananunua chupa isiyojulikana imetoka wapi.

Shangazi ameacha kupika kwete. Anasema wateja hawana subira, wanataka kikali, kwa hiyo anachemsha waragi ya muhogo, ile pombe kali ya kienyeji, ndiyo inayomlipa. Nimemwangalia sikuwa na neno, ana wajukuu wanne ndani.

Nyinyi mnaokuja Disemba nawaambia kwa uchungu, acheni kugawa noti pale steji mkitaka kuitwa bosi, ile noti inaishia kwenye chupa kabla hujafika kwenu. Kama una pesa nenda shule mwenyewe ulipe ada uchukue risiti, nunua unga wa posho na maharage umkabidhi mama mkononi. Mimi nimefanya hivyo na tayari wananiita mchoyo, waite tu, watoto wako darasani.