Siku moja chini ya magari makubwa ya kifahari

Saa moja na nusu asubuhi

Gari la kwanza lililetwa jana usiku likivutwa, na leo limelala kabisa. Kona ya mbele kushoto imeshuka mpaka tairi limemezwa na madigadi. Mwenyewe ameniachia kompresa mpya ndani ya boksi na ujumbe: "Fundi, funga tu hii, nalipitia saa nne."

Sifungi tu. Kompresa ya hewa, pampu inayojaza springi za hewa, ni nadra kufa yenyewe, huwa inauawa. Springi ya hewa ni mfuko wa mpira unaojikunja mahali palepale kila gari linapopanda na kushuka. Miaka ikipita, nyufa ndogo hutokea kwenye mikunjo na hewa inatoka polepole gari likiwa limeegeshwa. Kompresa imeundwa kufanya kazi kwa dakika chache kisha ipumzike. Sasa inalazimika kujaza mfuko uliotoboka kila asubuhi, mpaka inaungua. Ukifunga mpya juu ya uvujaji uleule, umenunua kompresa mbili.

Kijana wangu anapulizia maji ya sabuni, mimi namulika tochi. Mapovu yanatoka chini ya mkunjo wa kushoto, kama nilivyotarajia. Nasogea kulia, nako nakuta nyufa ambazo bado hazijavuja. Napendekeza ibadilishwe mifuko yote miwili ya mbele pamoja na rilei ya kompresa, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, maana rilei iliyozoea kubeba mzigo mkubwa ikiganda, kompresa haizimi tena. Wapo wanaong'oa mfumo mzima na kuweka springi za chuma. Siwalaumu, ila wajue gari halitapanda wala kushuka tena, na dashibodi italalamika mpaka kompyuta ielezwe kwamba mfumo ule haupo.

Saa tatu

Dizeli ya V6, yaani mitungi sita iliyopangwa kwa umbo la V, inavuja oili nyuma ya injini. Gereji nyingine imeshamwambia mwenye gari kwamba ni sili ya nyuma ya krenkshafti (mhimili mkuu wa injini), giaboksi lishuke. Gari la mteja silitaji, lakini ugonjwa wenyewe haufichiki kwa mafundi. Kwenye injini za Mercedes-Benz aina ya OM642, zilizofungwa kwenye ML na GL, kipoza oili kimewekwa katikati ya V, chini ya tabo (pampu inayosukuma hewa kwenye injini) na inteki (mabomba ya kuingizia hewa). Sili zake za mpira zikikauka, oili hujaa bondeni mle, inatiririka nyuma na kudondokea kwenye kengele ya giaboksi, ganda linaloliunganisha na injini. Ukiangalia kwa chini utaapa kwamba ni sili ya krenki.

Napitisha kamera ndogo nyuma ya injini. Bonde limejaa oili. Giaboksi halina kosa.

Hapa ndipo wateja wengi wanaponitazama kama mwizi. Sili zenyewe zinaenea kwenye kiganja, na bei yake haimtishi mtu. Kinachotisha ni saa za kuzifikia: inteki zote mbili zitoke, tabo itoke, mabomba na waya za juu zitoke, kisha kila kitu kisafishwe na kurudishwa. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu anayeijua, na kwa anayejifunza ni zaidi. Kwa hiyo sikubali kufungua pale kwa ajili ya sili peke yake. Mota ndogo inayozungusha vibati vya kuelekeza hewa ndani ya inteki ipo palepale chini, na sili ya mdomo wa tabo ikivuja huidondoshea oili mpaka inakufa. Natazama vyote. Kinachobadilishwa sasa hakilipiwi saa zile mara ya pili.

Mwenye gari anasema atafikiria. Sawa. Nafuta oili, naandika nilichokiona, na kumpa picha za kamera aondoke nazo.

Saa sita

Kazi ya umeme. Dashibodi ina taa za breki, za usukani, za springi, za giaboksi, zote kwa pamoja. Mtu asiyezoea anaanza kuhesabu vipuri vya kununua. Mimi napima betri kwanza. Ni dhaifu, na magari haya yakikosa umeme wa kutosha hurusha misimbo ya hitilafu hata kwenye vitu vizima. Lakini betri haikuchoka bure: zulia la nyuma limelowa. Mirija ya kutolea maji ya dirisha la paa imeziba kwa vumbi na majani, maji yameshuka ndani ya nguzo na kutuama chini ya zulia, karibu na moduli, kompyuta ndogo iliyofungwa huko. Kutu ya kijani ipo kwenye plagi yake, nayo ndiyo inaifanya moduli ikeshe usiku kucha ikila betri.

Tunazibua mirija, tunakausha, tunasafisha plagi. Betri mpya nayo haitoshi kuibadilisha na kuondoka. Kwenye mengi ya magari haya lazima kompyuta iarifiwe, la sivyo alteneta itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu.

Chakula nakula nimesimama.

Saa nane mchana

Simu ya mwenye gari la asubuhi.

"Fundi, mifuko miwili, kompresa na kazi! Mbona gari lenyewe nilinunua rahisi?"

"Ulinunua rahisi, bosi. Vipuri havijui ulinunua kiasi gani."

Ananyamaza, kisha anacheka bila furaha. Namweleza kwamba bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini kipuri kinauzwa kwa hesabu ya siku lilipokuwa jipya. Namweleza pia njia ya katikati, kwamba mara nyingi kiwanda kilichotengeneza kipuri cha kwanza hukiuza pia kwenye boksi lake, bila nembo ya gari, kwa bei ya chini. Anakubali mifuko ya namna hiyo. Kompresa aliyokwisha kununua tutaitumia.

Anauliza kama oili ya giaboksi ni kweli haibadilishwi maisha yote. Kampuni ya ZF, wanaotengeneza mengi ya magiaboksi haya, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwenye yale ya gia sita, chujio mara nyingi limeungana na sampo (bakuli la oili la chini) ya plastiki, kwa hiyo unanunua sampo nzima. Anaguna. Tunaahirisha hilo.

Saa kumi

Bushi za mbele na breki kwenye gari la tani mbili na nusu. Hakuna maajabu: uzito unakula mpira na chuma. Ila tairi moja ni jipya na matatu yamechakaa, na kwenye gari linaloendesha magurudumu yote tofauti hiyo huichosha gia ya kugawa nguvu. Nimemwandikia.

Saa kumi na moja jioni

Dada mmoja anataka kununua V8 ya petroli na ameniomba niikague. Muuzaji amefika nayo, inang'aa. Naweka mkono juu ya bonneti. Ni ya moto.

Injini ya moto huficha mengi. Kwenye V8 ya lita 5.0 ya Range Rover, iliyoanza mwaka 2009, vikazio na reli za cheni ya taimingi, inayozungusha vali kwa wakati wake, vikichakaa husikika injini baridi inapowashwa, kwa sekunde chache tu. Kwenye Porsche Cayenne za V8 za mwanzo, mabomba ya maji yaliyofichwa chini ya inteki yalikuwa ya plastiki, nayo hupasuka. Dawa yake ni yale ya aluminiamu, na nyaraka za gereji huonyesha kama yameshawekwa. Naomba nyaraka. Hazipo.

Namwambia muuzaji aliache gari hapa lilale, tuliwashe kesho kabla jua halijalipasha. Anasema ana mteja mwingine usiku huu. Dada ananitazama, anamrudishia ufunguo.

"Basi akishindwa huyo mwingine, unipigie," anamwambia.