Nilivyoweka silingi jikoni bila kuunguza nyumba

Nakaanga mahamri kila alfajiri hapa Kisauni, jiko ni la kuni za mvinje na bomba la moshi linapanda moja kwa moja hadi limetoboa mabati. Silingi, yaani dari, haikuwepo, masizi na kutu za mabati zikawa zaniangukia kwenye unga, nkasema basi ntaweka plaiwudi.

Fundi wa kwanza alikata tundu la duara akaibana plaiwudi na bomba kabisa, kwa macho ilikuwa safi. Wiki ya tatu nkasikia harufu kaa ya karatasi inaungua na moto siuoni. Nkapanda stuli, ukingo wa plaiwudi umekuwa rangi ya tende, nkiugusa wamomonyoka kaa biskuti. Wallahi nilitetemeka, watoto walikuwa wamelala chumba cha pili!! Nkautoa moto wote nje, nkampigia mpwa wangu anayechomelea vyuma.

Akaniambia shangazi, mbao si lazima iguswe na moto, ikipata joto kila siku inageuka mkaa pole pole na mwisho inashika kwa joto dogo tu. Bomba la bati moja, lisilo na tabaka la pili, lataka inchi 18 kila upande hadi mbao yoyote. Langu lina upana wa inchi 6 so tundu likawa inchi 42 kwa 42, kubwa mno, niliumia kuikata plaiwudi mpya lakini tukakata. Na si silingi pekee, mbao mbili za paa zilikuwa karibu shubiri moja na bomba nazo tukazihamisha.

Hapo katikati alieka fremu ya engo laini, vile vyuma vya pembe, na bati tambarare, akaacha uwazi wa inchi moja kuzunguka bomba, juu yake pete ya bati masizi yasidondoke. Nilitaka kuujaza ule uwazi matambara akakataa kabisa, alisema hewa ndo inapoza. Dukani walinambia nieke bodi ya jipsam badala ya plaiwudi eti haiungui, ila usoni ni karatasi na yenyewe ina maji ndani, ikipikwa kila siku maji yanatoka inabaki unga unga tu.

Juu ya paa akachomelea kola, pete ya kuzunguka bomba, na kuziba na silikoni nyekundu ya joto, masika hii sijaona tone. Leo baada ya masaa matatu ya kukaanga nimepanda stuli nkaishika plaiwudi, vuguvugu tu.