Wazi, wazi, moja na mbili

Jumamosi iliyopita nilifika ukumbini Sinza kabla ya maharusi. Nje, chini ya mwembe, vijana wa matarumbeta walikuwa wamekaa nyuma ya pikapu wakisugua vyombo vyao kwa Brasso na vipande vya fulana kuukuu. Upepo ukageuka, harufu ikanijia usoni. Nikasimama palepale. Shangazi alikuwa ananiuliza kama zawadi nimeiacha kwenye gari, na mimi nilikuwa Brixton, London, Februari ya 2003, kwenye chumba cha Mzee, mvua inapiga dirishani na tarumbeta iko juu ya blanketi.

Mjamaika huyo, niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake, nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba kwetu neno hilo ni heshima, akalirudia mara mbili mdomoni mwake kama mtu anayeonja chumvi, akasema basi na iwe hivyo. Zamu yangu kwake ilikuwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni: kumwosha, kumvalisha, dawa, uji. Uji wenyewe ulikuwa wa unga wa mahindi, na maziwa na kungumanga, na mara ya kwanza aliponielekeza namna ya kuukoroga nilimwambia hilo halihitaji kufundishwa mtoto wa Tanga. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wake wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mzima kabisa.

Meno yake yalikaa kwenye glasi. Tarumbeta ilikaa chini ya kitanda, kwenye kasha lililofungwa kwa mkanda wa suruali. Kila Ijumaa aliniomba niitoe tuisafishe. Mimi nashika, yeye anasugua. Rangi ya juu ilikuwa imekwisha miaka mingi nyuma, imebaki shaba tupu, kwa hiyo Brasso haikuidhuru. Hakuipuliza tangu 1965, mwaka mmoja baada ya kung'olewa meno. Mpiga tarumbeta anajua: midomo ndiyo inayotetema, lakini ni meno yanayoibeba. Ukiweka ya bandia yanasogea, sauti inapasuka. Alijaribu mwaka mzima, akaacha, akabaki na kazi yake ya mchana kwenye karakana ya reli.

Baba yangu alipiga tarumbeta bendi ya polisi kabla hatujarudi Tanga. Alinianzisha nikiwa na miaka tisa, na kwa miezi mitatu hakuniruhusu kuweka mdomo. Vidole kwanza. Cha shahada ni moja, cha kati ni mbili, cha pete ni tatu. Usipobonyeza kitu, ni wazi. Aliimba wimbo, mimi nikabonyeza kwenye ukingo wa meza. Sikuwa mpigaji, wala sikuja kuwa. Ila vidole hivyo sikuvisahau, na bila vidole hivyo nisingekuwa na la kusimulia leo.

Mzee alilelewa Alpha, shule ya wavulana ya masista wa Kikatoliki pale Kingston. Mama yake alifariki 1941, yeye ana miaka tisa, mjomba akampeleka langoni. Alpha ilipokea watoto yatima na watukutu ikawapa ufundi: useremala, ushonaji, uchapaji, na bendi. Ukisikia historia ya saksafoni na tarumbeta za Jamaika, nusu yake inapita kwenye uwanja ule mmoja. Mzee alikuwa akiwahesabu kwa mkono wake mzima, kidole baada ya kidole: Bertie King, aliyevuka bahari kuja London tangu 1935. Joe Harriott. Wilton Gaynair, aliyeishia Ujerumani. Harold McNair na filimbi yake. Kidole gumba alikiweka kwa ajili ya waliobaki nyumbani, kina Don Drummond na Tommy McCook, walioanzisha bendi ya Skatalites mwaka 1964.

Nilimuuliza siku moja iliwezekanaje vijana wa kisiwa kidogo hivyo kujaa kwenye majukwaa ya London. Jibu lake lilikuwa la mtu aliyekula mkate wa jambo hilo. Tangu 1935 Waingereza walizifungia mlango bendi za Wamarekani, chama cha wanamuziki kikilinda ajira za wenyeji, na mlango haukufunguka hadi 1956. Kwa miaka yote hiyo watu walitaka jazi na wenye jazi hawakuruhusiwa kuingia. Mjamaika alikuwa raia wa himaya. Hakuhitaji kibali. Alishuka melini na tarumbeta mkononi, na mwenye ukumbi, aliyekuwa anatafuta uso mweusi wa kuweka mbele ya wateja, akamwona kama Mmarekani wa karibu. "Walituchukua kwa sura," alisema Mzee, "halafu tukawaonyesha muziki."

Aliwataja waliotangulia kwa heshima ile tunayowatajia wazee wa ukoo. Leslie Thompson, mpiga tarumbeta wa Kingston, aliyefika 1929, akazunguka Ulaya na Louis Armstrong mwaka 1934, na mwaka 1936 akaunda bendi ya watu weusi watupu London, ikaja kuwa mikononi mwa Ken Johnson wa Guyana. Bomu la Wajerumani liliangukia Café de Paris, ukumbi wa pale London, usiku wa tarehe 8 Machi 1941, bendi hiyo ikiwa jukwaani. Johnson akafa palepale. Mzee alikuwa bado mtoto wa Kingston, lakini alisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeokota vyombo kwenye vifusi.

Hayo yote nilikuwa nayapata kidogo kidogo, nikiwa nimepiga magoti namvalisha soksi. Jioni ninayotaka kuieleza ilikuwa tofauti.

Nilipofungua mlango sikukuta televisheni inawaka kama kawaida. Alikuwa ameketi kitandani gizani. Akaniambia amepigiwa simu kutoka Kingston: Sista Ignatius amefariki. Sista Mary Ignatius alifika Alpha mwaka 1939, binti mdogo, akakaa hapo maisha yake yote. Alipenda muziki kuliko masista wengine wote, alikusanya santuri akawapigia wavulana, na alicheza nao kriketi kanzu ikipepea. Mzee hakulia. Alisema tu, "Yeye ndiye aliyekuwa anajua nilivyokuwa napiga." Halafu akaniomba nitoe santuri moja nyuma ya kabati, na tarumbeta, ingawa haikuwa Ijumaa.

Santuri ilikuwa *Free Form* ya Joe Harriott.

Harriott, mpiga saksafoni, alifika Uingereza 1951, na kwa miaka kadhaa watu walimsifu kwa kumfananisha na Charlie Parker, msaksafoni mkubwa wa Marekani. Kisha akaugua mapafu, akalazwa, na akiwa kitandani akaanza kuufikiria muziki usiokuwa na mapigo ya kudumu wala ngazi ya sauti ya kuishikilia, wanamuziki watano wakisikilizana na kujibizana kama watu wanaozungumza. Waliurekodi mwaka 1960, ukatoka 1961. Kwenye tarumbeta ni Shake Keane wa St Vincent, mshairi. Kwenye piano Pat Smythe, Mskoti. Dramu za Phil Seamen. Kwenye besi Coleridge Goode, Mjamaika mwingine, aliyekwenda Glasgow mwaka 1934 kusomea uhandisi, akageuka njiani. Mwaka huohuo wa 1960 kule Marekani msaksafoni Ornette Coleman naye alikuwa anavunja kuta zilezile, na hadi leo wapo wanaodhani Harriott aliiga. Hakuiga. Ukisikiliza mara mbili tu utajua ni njia mbili tofauti. Hilo Mzee alilisema kwa ukali, nami nalisema kwa ukali uleule, maana mtu huyu alikufa Southampton tarehe 2 Januari 1973, ana miaka arubaini na minne, hana kitu.

Mzee alikuwa akiwasikiliza pale klabu ya Marquee, Oxford Street, amesimama nyuma, koti la karakana bado mwilini.

Nikaweka sindano. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo jazi ni jina la bendi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, magitaa yanayokwenda kama maji. Hiki kilikuwa kitu kingine. Saksafoni inaanza sentensi, tarumbeta inaikatiza, besi inanyamaza halafu inasema neno moja. Sikujua pa kuweka mguu. Nikachukua beseni, nikaanza kumwosha mkono ule uliolala, kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda na kazi ni kazi. Yeye akanyoosha mkono wa kulia, akaushika mkono wangu juu kidogo ya kiwiko. Nilidhani anataka kujiinua. Nikasubiri. Hakujiinua.

Vidole vyake vikaanza kubonyeza.

Mwanzoni sikuelewa. Kisha ngozi yangu ikaelewa kabla yangu. Shahada, kati, pete. Alikuwa anapiga tarumbeta kwenye mkono wangu. Wazi, wazi, moja na mbili, wazi, moja. Akarudia. Wazi, wazi, moja na mbili, wazi, moja. Halafu kipande kirefu kilichonipita, halafu tena mwanzo uleule, polepole, kwa uzito ule wa kidole ambacho bado kinajua kitufe kinashuka umbali gani. Macho ameyafumba. Midomo, isiyo na meno nyuma yake, imekazwa kwenye tabasamu lile bovu la wapigaji. Pumzi inaingia puani na kukaa.

Nikajaribu kuvifuata vidole na santuri pamoja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba havikwenda pamoja. Hakuwa anampigia Shake Keane. Kina Harriott walikuwa wanakwenda kwao, juu, na yeye chini kwenye mkono wangu alikuwa na wimbo mwingine, mtulivu, wenye hatua sawa. Wimbo wa gwaride? Wa kanisani? Sijui. Maji ya beseni yalipoa. Tulikaa hivyo hadi upande ule wa santuri ukaisha na sindano ikaanza kukwaruza.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unapiga nini, Mzee?"

Akafungua macho. Akasema, "Njoo na muda Jumapili, nitakuimbia." Kisha akaniomba nirudishe tarumbeta kwenye kasha, na nikaweka.

Jumapili sikupangiwa kwake. Wakala walionipa kazi walinihamishia kusini zaidi ya mji bila kunieleza, na nilipokwenda mwenyewe wiki mbili baadaye jirani aliniambia amepelekwa kwenye nyumba ya wazee. Nikapiga simu kuuliza ni ipi. Nikajibiwa kwamba habari hizo hupewa ndugu tu. Ningeweza kuhangaika zaidi. Nilikuwa na zamu tatu kwa siku na kodi ya chumba, na ukweli ni kwamba nilijiambia nitaendelea kumtafuta, mwezi ukaingia mwingine.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa Southampton kwa shughuli nyingine, nikapanda basi hadi Bitterne, kwenye uwanja wa kanisa alikozikwa Harriott. Kwenye jiwe wameandika maneno yake mwenyewe, lile jibu lake alipotajiwa Parker, kwamba hata huku wapo wanaoweza kutupa karata kubwa mezani. Nilisimama na vidole vyangu vikawa vinabonyeza mfukoni mwa koti. Wazi, wazi, moja na mbili, wazi, moja.

Tatizo ni hili, na wapigaji watanielewa. Tarumbeta ina vitufe vitatu, na mikao ya vidole ni minane tu. Sauti ni nyingi kuliko hapo mara kadhaa. Mkao mmoja hutoa sauti nne, tano, na kinachochagua ni midomo. Vidole vya Mzee ninavyo vyote. Midomo aliondoka nayo. Nimejaribu kwa kuimba, kwa piano ya kanisa, kwa simu. Nyimbo zinazotoshea vidole vile ni nyingi mno, na kila mmoja unasikika kama ungeweza kuwa ndio.

Basi pale Sinza nikamsogelea kijana wa tarumbeta, wa miaka ishirini hivi, bado ana doa la Brasso shavuni. Nikamwomba abonyeze ninavyomtajia halafu apulize. Hakuniuliza kwa nini. Akapuliza, ikatoka kitu kama wimbo wa kanisa. Nikamwambia vidole vilevile, midomo juu zaidi. Ikatoka kama mwito wa jeshi. Akacheka, akajaribu mwenyewe mara ya tatu, akichanganya juu na chini, na wenzake wakageuka kusikiliza, mmoja akaanza kumtafutia mapigo kwenye ngoma ya pembeni.

"Ni ipi sasa kati ya hizo, mzee wangu?" akaniuliza.

Honi zikasikika kutoka barabarani. Wakaruka wote kutoka kwenye pikapu, wakajipanga langoni, na yeye akiwa mbele kabisa akaanza na ile ya tatu.