Kituo kwenye «kukwambia»

Husemwa kwamba mwandishi hafi. Siuamini usemi huo. Mwandishi hufa, na mara nyingi kazi yake humtangulia. Yakibaki maneno, yanabaki yakitafuta mdomo mwingine wa kuyasema, na mdomo huo nao ni wa kufa.

Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa Lamu, alitunga utendi wake wa kumuusia bintiye mwaka 1858, mgonjwa. Wengi wanaukumbuka kwa mawaidha ya ndoa, na hadi leo wanayabishania. Lakini kabla ya waadhi wowote anamwita bintiye asogee, akae, alete wino na karatasi.

Ubeti wa pili una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya mwanzo vinaishia -ka: maradhi yameshika, yametimu mwaka, kutamka kumeshindikana. Cha nne kinaiacha -ka na kutua kwenye «kukwambia». Ubeti wa tatu nao unatua papo hapo. Kitazame kitenzi chenyewe: amba, yaani sema, kimekuwa ambia, kauli ya kutendea, ambayo haisimami bila mtendewa. Hapo ndipo ninapokiona kifo katika fasihi, kwenye kiambishi hicho -i-, kuliko kwenye makaburi na majonzi.

Mizani na vina navyo vina kazi zaidi ya utamu. Mwenye kunakili akiruka silabi, sikio linajikwaa. Akiruka kipande, pengo linaonekana. Akiruka ubeti mzima, hakuna kinachomshtaki, maana kila ubeti umejifunga wenyewe. Ndiyo faida ya mtunzi kutaja mwishoni idadi ya beti zake. Baya zaidi ni neno kubadilishwa na jingine la mizani na kina kilekile: marehemu kasemeshwa asilolisema, na wa kuulizwa hayupo.

Uimara wa kinachoandikiwa nao hautoshi. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru ya kale, ilipochomwa mwaka 612 KK, moto ulivikausha vibao vya udongo vya maktaba yake vikazidi kuwa vigumu. Vikadumu. Ila wasomaji wa mwandiko wake wa kabari, wa alama zenye umbo la kabari, walikwisha, na vibao vikakaa bubu hadi karne ya 19 ulipofumbuliwa. Karatasi ya kuliwa na mchwa yenye mtu wa kuikariri ina bahati kuliko hivyo.

Usome ubeti ule wa pili kwa sauti, bila haraka. Vipande vitatu vinasukumana kwa -ka, -ka, -ka, na pumzi inapungua. Inaishia kwenye «kukwambia», kisha unavuta nyingine, yako, kwa ajili ya ubeti unaofuata.