"Haina kolesteroli" kwa jerikani ya mafuta, so what? Tuongee kidogo

Hii lebo imenichosha jamani. Ingia duka lolote hapa Kampala, majerikani ya mafuta ya kupikia yamepangwa hadi darini na karibu yote yanajisifu ati hayana kolesteroli, pembeni kamechorwa kamoyo kekundu, na mwenye duka naye anakazia, "dada chukua haya, hayana kolesto kabisa." Ni kweli hayana. Kolesteroli ni kitu cha wanyama, kwa mmea utakuta chembe tu isiyo na maana, kwa hiyo ni kama muuza ndizi aandike kwamba ndizi zake hazina mifupa.

Cha kuuliza ni hayo mafuta ukishayala yanalifanya nini ini. Maana kolesteroli nyingi iliyo kwenye damu yako umeitengeneza mwenyewe, ini likiwa mstari wa mbele, na ini hilohilo ndio linaiondoa, lina vipokezi vya kudaka zile chembe za LDL zinazobeba kolesteroli (Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Nobel 1985 kwa kazi yao juu ya hivyo vipokezi). Sasa ukila sana mafuta yaliyoshiba, yaani yale ya kuganda, vipokezi vinapungua, LDL inabaki inazunguka, miaka na miaka inajipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando, siku utando ukipasuka damu inaganda hapohapo, mshipa wa moyo unaziba. Ukihamia alizeti au soya vipokezi vinaongezeka tena na LDL inashuka.

Na mengi ya yale majerikani ya bei nafuu ni mawese, mengine ya kutoka Kalangala huko visiwani, mengine kutoka Asia. Mawese karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, alizeti ni kama asilimia 11. Nazi inayosifiwa sana mitandaoni inapita 80, na LDL inaipandisha, hilo halina mjadala. Nenda Kabale asubuhi na ile baridi yao, utakuta chupa ya mawese imeamka nyeupe, nzito, mpaka isogezwe karibu na sigiri ndio imiminike, ya alizeti iko pembeni haina hata habari. Hicho kipimo lakini kina mipaka, moo yaa (mafuta ya shea) ya Waacholi na Walango nayo ikipoa inakuwa nzito na bado sehemu kubwa yake ni oleiki, aina ya mafuta isiyoshiba, ileile ya zeituni, pamoja na steariki, ambayo imeshiba lakini haipandishi LDL kivile.

Halafu hii Uganda yetu ina historia kwenye hii mambo, watu hawajui. Mwaka 1959 Gerald Shaper na K. W. Jones waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu watu wa hapa, Waafrika kolesteroli yao ilikuwa chini na ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haupo, wakati Waasia wa nchi hiihii kolesteroli iko juu na moyo unawasumbua. Wazee wetu walikuwa wanakula matoke, mihogo, maharage, mchuzi wa karanga, mafuta kidogo sana. Sisemi ni mafuta peke yake, kazi zilikuwa tofauti, pesa tofauti, na hao wazee walikuwa wanatembea, sisi hata kwenda kununua mkate tunaita boda.

Saa hii chakula chetu ni chipsi, kikomando (chapati na maharage) na rolex (chapati iliyoviringishiwa yai). Kwenye rolex watu wanaogopa yai, yai jamani! Kwa wengi wetu kolesteroli ya yai inaisogeza ile ya damu kidogo tu. Mwangalie yule kijana wa chapati, ana chupa ya maji aliyotoboa kifuniko, anaminya mafuta kwenye bamba, anageuza, anaminya tena, kisha anaminya ya kukaangia yai, hayo hakuna anayeyahesabu.

Mabaya kuliko yote ni mafuta ya mmea yaliyogandishwa nusunusu kwa haidrojeni, yanapandisha LDL na kushusha HDL, ile wanayoiita kolesteroli nzuri, kwa mpigo, ndio maana WHO mwaka 2018 iliomba nchi zote ziyaondoe ifikapo 2023. Ukiyaona kwenye lebo ya majarini au biskuti, rudisha kwenye shelfu. Na usiache samli ukahamia mkate mweupe na soda ukidhani umepona, hapo moyo haujapata kitu.

Shangazi yangu wa Mbarara nilipomweleza haya akanuna, "kwa hiyo mwanangu unatukataza eshabwe?" Hapana shangazi, eshabwe ni samli na samli zaidi ya nusu ni mafuta yaliyoshiba, ila hiyo unaila kwenye kuhingira, sherehe ya kumuaga bibi harusi, vijiko viwili vitatu umemaliza, mimi nagombana na kinachomwagwa kwenye sufuria kila jioni. Akanyamaza, kisha akauliza kuhusu nguruwe. Mafuta ya nguruwe yaliyoshiba ni kama asilimia 40, chini ya mawese, na alivyosikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini, sasa anawatangazia majirani kwamba mimi nimeruhusu nguruwe, kitu ambacho sikusema.